Mkwe wa Mlango wa Nyuma

Mtu akikuuliza ni nani fundi wa tovuti mpole kuliko wote hapa Lubumbashi, mpeleke kwa Symphorien. Akikuuliza ni nani mwenye kichwa kigumu kuliko wote, mpeleke kwa huyohuyo; hakuna haja ya kulipa nauli mara mbili.

Namjua vizuri kwa sababu ni mkwe wa bosi wangu. Mimi ni Deborah, nashona katika karakana ya Mama Delphine Chilufya pale Katuba. Kazi yetu ni kanzu za kwaya. Ukiona kwaya imeingia kanisani na kola zote zimelala sawasawa, hakuna hata moja iliyosimama kama sikio la sungura, ujue kola hizo zimepita mikononi mwangu. Sijisifu, nasema tu.

Symphorien anafanya kazi mjini, katika ofisi ndogo juu ya duka la dawa. Anatengeneza tovuti za shule, za maduka, na za hoteli zile za njia ya Luano. Ni mwembamba, anafunga vifungo vya shati mpaka kooni hata jua likiwaka, na akiongea unadhani anaomba radhi kwa kutumia hewa. Babu yake alitoka kaskazini kuja kufanya kazi ya reli. Alishuka hapa na sanduku, rozari na sheria za ukweni. Sanduku limeshaoza. Rozari na sheria Symphorien anazo mpaka leo.

Sheria zenyewe wote tunazijua. Mama mkwe humpi mkono, huli naye sahani moja, humkazii macho. Siku hizi vijana wamezipunguza mpaka zimebaki nusu. Kuna wengine wanacheza naye dansi harusini. Symphorien alizichukua nzima, pamoja na mifupa yake. Tangu amwoe Bénie, binti wa Mama Delphine, hakuwahi kumtazama mama mkwe wake usoni. Akija karakanani alipita mlango wa nyuma, kwenye jiko letu, palepale ninapomwaga maji ya vyombo. Mama akitokea huko nyuma, Symphorien alikumbuka ghafla kwamba kuna jambo kubwa la kuangalia juu ya mpapai. Siku moja walikutana kwenye kichochoro, hapana pa kukimbilia. Aligeukia ukuta akausoma kama gazeti mpaka mama alipopita, na ukuta wenyewe haukuwa umeandikwa kitu.

Nilimuuliza, "Baba Aristote, ule ukuta ulikuwa nasema nini?" Aristote ndiye mtoto wake wa kwanza.

"Yaya Deborah, uniache tu." Yaya kwetu si mlezi wa watoto, ni dada mkubwa.

Lakini heshima hiyo ina siku yake ya kufunguliwa. Mama Delphine ni mtu wa hapahapa; ukoo wake ulikuwa ukilima mahindi hapa kabla mtu yeyote hajafikiria kuchimba shaba. Kwao, mkwe akishaonekana kuwa mtu mwema, mama mkwe anapika, anafungua mlango wa mbele, anamwingiza. Mkwe anakula mbele yake. Toka siku hiyo anakuwa mtoto wa nyumba: anasalimu, anakaa, anamtazama mama kama watu wengine wanavyomtazama. Wengi huingizwa baada ya mtoto wa kwanza kuzaliwa. Symphorien alikuwa na Aristote anayesoma shule, na Abigaël aliyeshaanza kukimbia, na bado alikuwa mtu wa jikoni. Majirani walikuwa wameanza kuuliza.

Hilo lilimuuma kuliko alivyoonyesha. Siku moja, nikiosha sufuria, aliniambia sababu anayoijua yeye. Wakati wa mahari alimnunulia mama mkwe kitenge alichokichagua mwenyewe, akizunguka mji mzima kutafuta: cha kijani, chenye ndege wa njano. Mama alikipokea, akakikunja, na hakuna aliyekiona tena.

"Ile kitenge hakuipendaka, yaya. Na miye pia hanipendi."

"Unajua ginsi gani kama havalake? Weye haumuangaliake."

"Niko naangalia chini," alisema. "Pindo ya bitenge byake yote mi naijua. Ile haiyapita hata siku moja."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Hebu fikiria mtu anayemjua mama mkwe wake kuanzia viatu mpaka pindo, na juu ya hapo ni giza. Nilimhurumia kweli.

Kwa hiyo mwaka jana, Mama Delphine alipotaka tovuti ili kwaya za Likasi, Kolwezi na Kipushi zione kanzu zetu, Symphorien aliruka juu kama mtu aliyeitwa harusini. Aliiona ndiyo njia yake ya kuingia. Aliitengeneza kwa mapenzi: picha za kanzu, vipimo, rangi, namba ya simu, hata sauti ya kwaya ikiimba. Siku ya kuizindua tulikunywa munkoyo wetu wa mahindi. Kuanzia kesho yake wateja wakaanza kulalamika kwamba haifunguki.

Symphorien alijibu kwa maneno ambayo nadhani mafundi wote wa tovuti wanafundishwa siku ya kwanza ya masomo.

"Kwangu iko nafunguka."

Basi tukaishi hivyo. Kwake inafunguka, kwa dunia nzima haifunguki. Bénie alijaribu kwa simu yake, akaona kipande cha kilemba cheupe cha mama yake, kisha simu ikachoka. Mimi nilijaribu mara moja, nikaona kitu cheupe, nikadhani ni wingu, nikarudi kwenye kola zangu. Mwanzoni tulisema ni mtandao. Baadaye tukasema ni mvua. Mvua ilipoisha tukakosa la kusema.

Ndipo watu wa Likasi wakatutafuta. Kwaya moja ya huko inatimiza jubilei yake, na kiongozi wao, Papa Émile, alipiga simu kusema wanataka kanzu mpya kwa waimbaji wote. Kamati yao ingekaa siku ya posho, ndivyo tunavyoiita Jumamosi hapa, toka enzi za babu zetu kupokea posho ya mgodi. Ingechagua kati yetu na fundi mwingine wa hukohuko. Wangetazama kanzu za huyo kwa macho na zetu kwenye tovuti. Huyo mwingine, nilimwona kazi yake, kola zinasimama. Lakini kola iliyosimama inayoonekana inaishinda iliyolala ambayo haionekani.

Mama Delphine aliniita mbele ya mashine yake. Symphorien alikuwa jikoni, nyuma ya pazia, karibu kiasi kwamba nilimsikia akimeza mate.

"Deborah, uulize baba ya Aristote, site yangu iko na ugonjwa gani?"

Nikageukia pazia. "Baba Aristote, mama anauliza site iko na ugonjwa gani."

"Nimesikia," pazia likajibu kwa sauti ndogo.

"Kama umesikia, miye nasema tena ya nini?"

"Ni heshima, yaya. Umwambie mama, niko natafuta."

Nikageuka. "Mama, anasema eko natafuta."

"Nimesikia," mama naye akasema.

Unaona kazi niliyopewa. Nina mikono ya kushona kola, wananitumia kama daraja, na kila mmoja anasikia upande wa pili vizuri kuliko mimi. Siku nyingine nilifikiria kwenda zangu sokoni niwaache waongee na pazia.

Lakini maneno yaliyofuata hayakuwa ya mchezo. Mama aliondoa mguu kwenye mashine.

"Deborah, umwambie hivi. Kama siku ya posho itafika na bantu ya Likasi habaone kanzu zangu, nitatafuta ingénieur wa mu ville. Na mukwe mwenye anashindwa kufungua mulango ya kazi yangu, miye nitamufungulia ya nyumba yangu juu ya nini?"

Symphorien ndiye ingénieur wa mjini, ndivyo wanavyomwita huko ofisini. Lakini nenda ukamwambie Mama Delphine kwamba ingénieur anaweza kuwa mtu anayekaa kwenye kigoda jikoni kwake kati ya sufuria. Nilisubiri pazia liseme kwamba limesikia. Nilisikia tu mlango wa nyuma ukifungwa.

Siku zile zilizobaki Symphorien aliomba ruhusa ofisini akahamia jikoni kwetu na kompyuta yake. Kwanza alishuku mtandao. Alibadili kadi ya simu, akabadili tena, akapanda juu ya kigoda na kifaa chake cha mtandao mkononi kama mtu anayebariki dari. Courant ya umeme ilikatika, akangoja. Courant ilirudi, akashuku kampuni inayohifadhi tovuti. Aliwapigia, wakamwambia kwao kila kitu ni kizima. Akaanza kushuku kazi yake mwenyewe, na hapo ndipo nilipoona mtu akijipiga. Aliondoa maua aliyokuwa amepamba pembeni. Akaondoa herufi zilizokuwa zikicheza. Akaondoa kwaya inayoimba, na hiyo alifanya akiwa amefumba midomo, kwa maana aliipenda.

Kila alipoondoa kitu alifungua ukurasa wa kanzu, nao ukafunguka mara moja. "Unaona, yaya? Iko nakimbia." Nami nilimtumia Papa Émile ujumbe wa sauti: "Papa, jaribu sasa." Jibu lilirudi lilelile kutoka Likasi: "Mama Deborah, ni vile vile tu."

Mama akiniuliza mbele, nasema bado. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tulikuwa tumejaa nguo tele. Ilipofika Ijumaa, tovuti ilikuwa imevuliwa mapambo yote kama mti wa Noeli mwezi wa pili, na bado haifunguki kwa mtu yeyote isipokuwa aliyeitengeneza. Symphorien aliacha kula. Alikaa akitazama mlango wa mbele kupitia uwazi wa pazia, mlango ambao kwake ni kama wa nchi nyingine.

Hapo hasira ilinipanda. Si kwake, kwa hali yote. Nilichukua simu nikampigia Papa Émile mwenyewe, nikaweka sauti juu ili jiko lote lisikie.

"Papa Émile, tafadhali. Usiniambie haifunguke. Uniambie, ukiifungua, unaona nini? Kitu kwa kitu."

"Tunaona foulard," alisema.

"Foulard? Kilemba?"

"Ya mweupe, muzuri kabisa. Inashuka pole pole. Kisha tunaona paji ya uso. Tunangoja. Kisha macho inakuya, moja, na ingine. Mama eko na macho ya mukali kidogo, mutanisamehe. Kisha pua. Tukifika ku pua, megas ya internet inaisha. Tunanunua ingine, inaanza tena ku foulard." Alishusha pumzi. "Kwaya yangu yote sasa inajua foulard ya Mama Delphine. Kanzu, bado tuone hata moja."

Nikamgeukia Symphorien. Alikuwa amesimama, na uso wake umebadilika rangi.

"Foulard gani?" alisema. "Ku site haiko foulard."

"Iko. Na pua iko. Ni pua ya mama mukwe yako."

Alikaa chini taratibu, juu ya gunia la mkaa, na hakuona kwamba ni mkaa. Kisha akanieleza, na nilipoelewa nilishika kichwa.

Kila tovuti ina ukurasa wa mbele, kama nyumba ina mlango wa mbele. Mteja anaingia hapo kwanza, ndipo anakwenda kwenye kanzu. Mama alitaka picha yake iwe pale, kubwa, ili watu wajue kazi ni ya nani. Sasa Symphorien, na sheria zake za reli, angeishikaje sura ya mama mkwe? Picha ya tovuti inakatwa, inavutwa, inapunguzwa. Unaisogeza huku na huku kwa kidole. Je, hayo ni mambo ya kumfanyia mama mkwe? Alikata shauri: aliacha nafasi tupu, akampa mpiga picha neno la siri, akamwambia, "Uiweke weye mwenyewe."

Mpiga picha ni Précieux, jirani yetu, aliyekuwa amepata kamera mpya na majivuno yake yote. Picha ilivyotoka katika kamera ndivyo alivyoiweka, nzima, nzito, kubwa kiasi cha kufunika ukuta wa kanisa. Hakuna megas za Likasi zinazoweza kuushusha mzigo ule. Na Symphorien, toka siku hiyo, hakuufungua ukurasa wa mbele hata mara moja. Alikuwa na njia yake ya mkato inayomfikisha moja kwa moja kwenye kanzu. Kwenye tovuti pia alikuwa anaingia kwa mlango wa jikoni, ndiyo maana kwake ilifunguka.

"Baba Aristote," nilisema, "ile si heshima tena, ni ugonjwa."

"Yaya, ufungue weye. Uipunguze weye. Nitakuonyesha pa kubonyeza, mi nitaangalia pembeni."

"Apana. Miye ni mushonaji ya kola."

Basi ikabidi kuomba ruhusa. Na nani aliyetumwa? Daraja. Nilipita pazia, nikasimama mbele ya Mama Delphine nikipangusa mikono ambayo haikuwa na maji.

"Mama, baba Aristote ameona ugonjwa. Ni photo yako. Iko mukubwa sana. Anaomba ruhusa ya kuipunguza. Na juu ya kuipunguza, anasema, lazima aiangalie."

Mashine ilinyamaza. Nilitegemea aseme kitu kuhusu kupunguzwa, kwa maana ni mwanamke mwenye mwili na hapendi utani wa namna hiyo. Hakugusia hata hilo.

"Aiangalie?" alisema. "Bado aiangalie?"

"Bado, mama."

"Toka mwaka jana, uso yangu iko kwa site yake, na haiangaliaka?"

"Hata siku moja."

Mama Delphine alivua miwani. Alianza kukunja kanzu iliyokuwa mezani, akaikunjua, akaikunja tena. Aliponitazama niliona kwamba si hasira. Sikuwahi kumwona hivyo, na nilitamani kutoka.

"Deborah, uko nakumbuka ile wiki uliendaka ku kilio Kipushi? Ile wiki njo Précieux alinipigaka photo. Nilitosha mu malle, mu sanduku yangu, ile kitenge ya bandege, yenye baba ya Aristote alileta ku mahari. Kitenge ya vile, hauivalake ku soko. Niliichunga. Nikashona blouse miye mwenyewe, na usiku, juu mutu asione. Nikamwambia Précieux, uangalie bandege yaonekane yote."

Alipangusa miwani kwa ncha ya kitambaa.

"Miye siwezi kumuita mukwe na kumwambia merci ya mukono kwa mukono. Ile haifanywake. Nikasema, ye njo mwenye kutengeneza site, ye njo ataona wa kwanza. Ataona nimevala kitu yake mbele ya dunia yote. Ataambia Bénie, Bénie ataniambia, na miye nitapika. Nikangoja. Neno moja haikutoka. Nikasema, kumbe huyu mukwe iko na majivuno. Namuvalia kitenge yake, ananyamaza. Basi abaki ku jiko."

Ndege walianzia begani, chini ya pua. Nilielewa nikisimama pale. Likasi walikwama puani, Bénie alikwama kwenye kilemba, mimi nilidhani ni wingu, na yule ambaye salamu ilikuwa yake hakuja hata mlangoni.

Niligeuka kwenda kupeleka maneno. Sikuwa nimejua nitayabeba vipi, yalikuwa mazito kuliko yote niliyowahi kubeba kati ya meza ile na pazia lile. Lakini nilikuwa nimesahau kwamba pazia linasikia. Nilipoingia jikoni Symphorien alikuwa ameshaweka kompyuta juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kwa mara ya kwanza alikuwa amefungua ukurasa wa mbele.

Picha ilikuwa inashuka. Kilemba cheupe, pole pole. Paji la uso. Nilimwona akishika magoti yake asikimbie. Macho yalipotokea, makali kidogo kama alivyosema Papa Émile, Symphorien alisimama wima, kama unavyosimama mzee akiingia ndani. Alibaki amesimama. Pua ikaja, ikakaa pale muda mrefu, nikaanza kuomba kimoyomoyo megas zisiishe. Kisha mdomo, kisha kidevu, kisha bega, na juu ya bega ndege wa kwanza, wa njano.

Alilia. Sitaki kuficha, na mimi nililia, na sikuwa na sababu, kitenge hakikuwa changu.

"Aliivala," alisema. "Yaya, aliivala."

"Umwambie apunguze tu!" Mama alipaza sauti kutoka mbele, na ilikuwa mara ya kwanza hakuanza na jina langu. "Lakini bandege ibaki yote!"

Aliifanya kazi ile kwa muda mfupi kuliko aliotumia kubadili kadi za simu. Kupunguza picha si kitu. Mafundi wote wanaanzia hapo. Alijaribu kwa simu yake, kwa simu yangu ya zamani, kwa simu ya jirani. Ilifunguka kwa wote. Kisha akarudisha kwaya inayoimba, akarudisha maua.

Siku ya posho, jua likiwa juu, Papa Émile alipiga simu, na nyuma yake nilisikia watu wanacheka na kupiga makofi. "Mama Deborah! Tumeshuka mpaka ku biatu!" Waliona kanzu, wakatazama kola zikilala, wakazichagua kabla kamati haijamaliza sala ya kufungua kikao. Wanawake wa kwaya waliuliza pia kitenge kile cha ndege kinapatikana duka gani.

Mama Delphine hakungoja jubilei. Siku iliyofuata, baada ya Misa, alichinja jogoo wake mwenyewe, akasonga bukari, yaani ugali, mwenyewe, akanikataza hata kukata kitunguu. Mlango wa mbele ulifunguliwa wote, na jiwe likawekwa usifungwe na upepo. Ndugu walikaa ndani, Précieux akasimama pembeni na kamera yake, safari hii akiwa ameonywa. Bénie alikuwa anacheka na kufuta macho kwa wakati mmoja.

Symphorien alikuja akiwa amefunga vifungo mpaka kooni, na miguu yake, kwa mazoea, ikaanza kuzunguka nyumba kwenda jikoni. Nilimshika mkono nikamrudisha. Alivuka kizingiti akiinamisha kichwa, akakaa kwenye mkeka alioonyeshwa. Mama Delphine alikaa mbele yake. Symphorien alitazama chini, mahali anapopajua, na chini kulikuwa na pindo asilolifahamu, la kijani, lenye ndege.

"Baba ya Aristote," Mama alisema, bila daraja, bila pazia. "Uniangalie."

Akaanza kupanda. Pole pole, tukamwona akipanda, kutoka pindo hadi magoti, kutoka magoti hadi mikono iliyotulia mapajani, hadi bega, hadi kidevu. Alipofika puani akasimama. Shingo zote zilinyooka, hata ya jogoo ndani ya sufuria nadhani ilinyooka.

"Megas imeisha," Précieux akanong'ona, na shangazi mmoja akaangua kicheko.

Mama Delphine hakugeuza kichwa. "Munyamaze," alisema. "Mumungojee. Iko nafunguka."

Tukangoja. Naye akafika machoni.